Uzi: Marekani inaruhusu uumbaji kufundishwa kwenye sayansi?

Wadau, kila mjadala wa dini ukiwaka, lazima mtu aseme Marekani walimfukuza Mungu shuleni. Ebu tusome kesi zenyewe.

Tennessee, 1925. Sheria ilikataza kufundisha kwamba binadamu alitokana na wanyama. Mwalimu John Scopes akapigwa faini ya dola 100. Hukumu ikafutwa 1927, lakini kwa sababu ndogo tu: faini ilipangwa na jaji, si jopo la raia. Sheria yenyewe ilidumu hadi 1967.

1968, Mahakama ya Juu ikafuta marufuku ya aina hiyo Arkansas. Sasa wenzetu wakabadilisha mbinu: sawa, fundisheni Darwin, lakini na uumbaji pia. Louisiana ikapitisha hiyo 1981. Majaji 7 kwa 2 wakaitupa 1987, wakisema lengo ni kuendeleza dini.

Halafu Dover, Pennsylvania, 2005. Bodi ya shule ilileta "usanifu wenye akili", ati si dini. Mawakili wakachimbua rasimu za kitabu chao: baada ya uamuzi wa 1987, "waumini wa uumbaji" waligeuzwa "watetezi wa usanifu". Mahali pamoja mhariri alifuta vibaya, maneno mawili yakabaki yamegandana! Bodi ilishindwa, na bili ya mawakili ikapita dola milioni 1.

Hizi zote zinahusu shule za umma, darasa la sayansi. Shule za kibinafsi hazikuguswa, na Biblia inaruhusiwa kusomwa kama historia au fasihi.

Kwetu, Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hakuna dini ya taifa, lakini CRE na IRE ziko kwa ratiba. Kwa hivyo kesi za Dover usizibebe hapa mzimamzima.