Kadi Mpya za Besiboli kwa Sura ya Kale

Kadi za besiboli, yaani vipande vya karatasi ngumu vyenye picha ya mchezaji, zilienea Marekani mwishoni mwa karne ya 19, pale kampuni za tumbaku kama Allen & Ginter ya Richmond zilipozitia katika pakiti za sigara ili zizuie sigara kupondeka na kumshawishi mnunuzi atafute seti nzima. Baadaye zikaambatana na chingamu, na mwaka 1952 kampuni ya Topps ikatoa seti ya kadi 407, kila moja ikiwa na picha iliyotiwa rangi, saini na nembo ya timu mbele, na takwimu za mchezaji nyuma. Sehemu yake ya mwisho, iliyokuwa na kadi namba 311 ya mchezaji Mickey Mantle, ilidoda, na kwa masimulizi ya Sy Berger, mmoja wa waliosanifu seti hiyo, masanduku yaliyobaki yalitupwa baharini. Nakala moja ya kadi hiyohiyo iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6.

Mtindo huo wa 1952 ndio Topps iliourudia mwaka 2001 katika toleo la Heritage, ambalo huwavika wachezaji wa sasa sura ya kadi za zamani, huku baadhi zikichapwa chache kwa makusudi: uadimu ambao zamani uliletwa na hasara sasa hupangwa kiwandani.