Bia ya Kupika Nyumbani: Majaji Hupeana Pointi Aje?

Unadhani kujaji bia ni kukaa tu na kupiga tei ya bure? Zi, buda. Huko Marekani, mashindano mengi ya bia ya kupika nyumbani hufuata mfumo wa BJCP, mpango wa majaji ulioanza 1985. Iko hivi:

Chupa haina jina. Inapewa namba tu, jaji asijue ni ya nani. Na kama umeleta bia yako, huwezi kujaji kundi lenye iko.

Pointi ni 50. Harufu 12, muonekano 3, ladha 20, vile inaskika mdomoni 5, maoni ya jumla 10. Umeona hiyo? Rangi na povu poa haziwezi kukuokoa.

Aina ni lazima iingiane. Ukiandikisha stout kama pilsner, hata ikiwa tamu aje, imekula kwako.

Kila jaji huandika kivyake kwanza. Wakipishana sana, wanajadiliana mpaka wakaribiane.

Sababu lazima iandikwe. "Mbaya" haitoshi. Inanuka mahindi ya kuchemsha? Inanuka siagi? Sema, ndio mpishi ajue pa kurekebisha.

Hiyo karatasi ndio kila kitu. Medali huenda kwa wachache, lakini hata wa mwisho anarudi home akijua shida ilikuwa wapi.

Unataka kuandaa yako hapa Kenya? Sheria ya pombe ya 2010 inadai leseni ya kutengeneza. Anzia hapo, usipatane na karao kabla ya majaji.