Mchezo wa 1987 ndani ya telefone yetu

Final Fantasy ilitoka Japani mwaka 1987, ikichezwa kwenye televisheni. Mwaka 2021 wakaichora upya, wakapiga muziki upya, ikaingia kwenye telefone. Hadithi iko ileile, mashine ndiyo imebadilika.

Na mashine hiyo inatuhusu. Ndani yake mna tantali, itokayo kwenye koltani kama ya Rubaya kule Masisi, na bati, itokayo kwenye kasiteriti kama ya Bisie kule Walikale. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda sana, na wakulima wengi wa Masisi wakaacha jembe wakaenda kuchimba. Mimi agronome, hiyo ndiyo historia ninayoitafuta.

Wenzetu wametunza hadithi ya mchezo tu kwa miaka 34. Ya kwetu je? Wazee wanaoikumbuka bado wako. Tuwaulize, tuandike.