Kitabu cha nne cha Martin: vita imepita, mashamba yameungua

Mu mwaka wa 2000 George R. R. Martin alitoa kitabu cha tatu cha hadithi yake ndefu ya wafalme na majoka. Cha nne alitaka kianze miaka 5 mbele, watoto wakomae kwanza. Ikakataa. Akaandika upya, kurasa zikazidi, akaigawa hadithi kwa watu na mahali, si kwa wakati. Nusu ya kwanza, A Feast for Crows, ilitoka 2005. Tyrion hayumo, Daenerys hayumo. Kuwaona tena, sherti kungoja mpaka 2011! Wengi walikasirika.

Miye agronome, njo kile ninakipenda zaidi. Mule Meribald, mtu wa dini asiyevaa viatu, anapelekea wanakijiji chakula na punda wake. Njiani anaeleza wale watoro wa jeshi wanaoiba: walikuwa wakulima, bwana wao akawaita vitani, wengine na jembe tu mkononi. Yeye pia alienda, angali mtoto.