Panya Walisema Ukweli, Lakini wa Panya

Shosho yangu ana sukari, kwa hivyo chai yake hutiwa kidonge kidogo cheupe cha sakarini. Kila baada ya miezi michache kuna mtu wa familia anatuma ujumbe kwenye grupu, ati hicho kidonge kinaleta kansa. Ujumbe huo si uongo mtupu. Una historia, na historia yenyewe inapitia kwenye kibofu cha panya.

Sakarini iligunduliwa mwaka 1879 huko Baltimore, Marekani, katika maabara ya Ira Remsen. Constantin Fahlberg alikuwa akifanyia utafiti kemikali za lami ya makaa ya mawe. Siku moja akala bila kunawa mikono vizuri, akashangaa vidole vyake vina utamu. Baadaye watu wenye kisukari wakaitegemea kwa miaka mingi.

Halafu ikafika 1977. Watafiti wa Kanada walikuwa wamewalisha panya sakarini ya sodiamu kwa vizazi viwili, gramu 5 katika kila gramu 100 za chakula. Panya madume wakapata uvimbe wa kansa kwenye kibofu. Mwezi Machi shirika la FDA la Marekani likatangaza mpango wa kuipiga marufuku. Sheria ya 1958 ilikataza kiungo chochote cha chakula kinachosababisha kansa kwa mtu au mnyama, hata kiwe kidogo vipi. Watu wakateta: nani anakunywa mamia ya soda kwa siku? Novemba, Bunge likasimamisha marufuku hiyo, lakini likaagiza onyo liwekwe kwenye lebo.

Sasa, panya hawakudanganya. Uvimbe ulikuwepo. Swali ni uliingiaje.

Kansa ya kibofu ilikuwa na mtuhumiwa wa zamani. Mwaka 1895 daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt aliripoti ugonjwa huo kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Baadaye ilijulikana kwamba baadhi ya kemikali za kazi hiyo, mwili ukishazibadilisha, hung'ang'ania DNA na kuiharibu. Lakini sakarini haifanyi hivyo. Inapita mwilini na kutoka kwenye mkojo vile ilivyoingia.

Samuel Cohen na wenzake huko Nebraska wakauchunguza mkojo wenyewe. Mkojo wa panya dume una protini nyingi na madini mengi. Akilishwa sakarini ya sodiamu kwa wingi, kalisiamu na fosfeti kwenye mkojo zinagandana kuwa chembe ndogo kama mchanga. Chembe hizo zinaumiza ukuta wa kibofu. Seli zinakufa, nyingine zinazaliwa haraka kuziba pengo. Kila seli ikigawanyika inanakili DNA yake, na kunakili hakukosi makosa. Rudia hivyo maisha yote ya panya, makosa yanarundikana. Watafiti walipoongeza asidi kwenye mkojo wa panya, madhara yakazimika.

Nyani waliopewa sakarini kwa zaidi ya miaka 20 hawakupata kansa ya kibofu. Mkojo wetu pia si kama wa panya dume. Mwaka 2000 Marekani ikaitoa sakarini kwenye orodha yake ya vitu vinavyoshukiwa kuleta kansa, na lile onyo likaondolewa.

Lakini usitoke hapa ukidhani kibofu kinachoumizwa kila siku ni mambo ya maabara tu. Hapa kwetu, Kwale na Tana River, kuna kichocho. Mayai yake hukwama kwenye kibofu cha mtu, yanakiumiza miaka na miaka, na hiyo ni sababu inayojulikana ya kansa ya kibofu kwa binadamu. Kidonda kisichopona ni hatari. Kazi ya sayansi ilikuwa kujua nani hasa anakipata, na kwa nini. Kwa sakarini, jibu lilichukua zaidi ya miaka 20.

Ujumbe uliporudi kwenye grupu juzi, nilimsomea Shosho. Akauliza hao panya walilishwa kiasi gani. Nikamwambia. Akacheka, akaendelea na chai yake.