Mlango wa Leba: Nani Alimwambia Shosho Abaki Nje?

Mwezi jana binamu yangu aliniinboksi. Ana mimba ya miezi saba, ya kwanza. "Si wewe ni mtu wa kamera? Nataka unipige picha nikijifungua." Nikacheka. Halafu akanitumia posti ya dada mmoja hapa Nairobi anayetoa huduma mbili kwa pamoja: udula na picha za uzazi. Bei? Wacha niseme tu ni kodi ya bedsita, tena ya miezi kadhaa.

Shosho alikuwa hapo kando akikatakata sukuma. Akauliza, "Dula ndiye nani?"

Nikamweleza. Ni mtu anayekaa na mama tangu uchungu uanze hadi mtoto atoke, na mara nyingi hata baadaye. Hazalishi. Hapimi njia, hatoi dawa, hiyo ni kazi ya nesi na daktari. Yeye anashika mkono, anakanda mgongo, anampa mama maji, anamkumbusha kupumua, anamweleza kinachoendelea.

Shosho akaniangalia kwa muda. "Na hiyo siku hizi mnalipia?"

Hilo swali halikuniacha nilale. Nikaanza kuchimba. Na nilichopata ni historia ya mlango mmoja: nani anaruhusiwa kuingia nao, na nani anaambiwa abaki nje.

Chumba kilipokuwa kimejaa wanawake

Kabla ya hospitali, hakuna mahali Kenya ambapo kuzaa kulikuwa shughuli ya mtu mmoja. Pwani kulikuwa na mkunga, na mtoto akishatoka, mama alitunzwa siku arobaini: anakandwa kwa maji moto, anapikiwa, hagusi kazi. Kwa Waluo kulikuwa na nyamrerwa. Kwa Wakikuyu, wanawake waliokuwa ndani ndio waliotoa habari kwa kijiji: vigelegele vitano kama ni mvulana, vitatu kama ni msichana. (Ndio, hesabu yenyewe ina ubaguzi. Hiyo tutaongea siku nyingine.)

Na picha je? Fikiria majina ya marafiki zako. Otieno alizaliwa usiku. Okoth alikuja na mvua. Owino alitoka kitovu kikiwa kimemzunguka. Kwa Wakamba, Mutuku ni wa usiku na Wambua ni wa mvua. Kwa Wakalenjin, Kiprotich alifika ng'ombe wakirudi nyumbani. Unaona? Jina ndilo lilikuwa picha ya uzazi. Mtu aliyekuwa pale aliangalia saa, hali ya hewa na kilichotokea, akakupa ushahidi ubebe maisha yako yote.

Halafu kuna jina moja linalonimaliza: Chepchumba, na Kipchumba kwa wavulana. Wengi hulieleza kuwa ni mtoto aliyezaliwa hospitalini, au mahali palipokuwa na wazungu. Siku hiyo kilichokumbukwa hakikuwa mvua wala ng'ombe. Kilikuwa ni jengo.

Mlango unafungwa

Jengo maarufu zaidi kati ya hayo liko Nairobi. Hospitali ya Pumwani ilianza mwaka wa 1926 ikiwa na jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati huo. Pamoja na dawa na vitanda, mkoloni alileta mpangilio wa wodi: mgonjwa ndani, familia nje, saa za kutembelea zimeandikwa ukutani.

Usidhani ni Waafrika tu waliofungiwa nje. Miaka hiyo huko Marekani wanawake wengi walikuwa wakidungwa mofini na skopolamini, mtindo ulioanzia Freiburg, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20. Dawa hizo hazikuondoa uchungu wote. Ziliondoa kumbukumbu. Mama alipiga kelele, wakati mwingine akafungwa kitandani asijiumize, na alipoamka akaonyeshwa mtoto. Baba alikuwa korido akingoja. Mwaka wa 1958 jarida la Ladies' Home Journal lilichapisha barua za wanawake wakieleza ukatili waliofanyiwa kwenye leba, na mjadala ukawaka. Baba alikuja kuingia kwa wingi miaka ya 1970.

Sasa nisionee hospitali. Mkunga wa kijijini alikuwa na mikono na busara, lakini hakuwa na damu ya kuongezea mama anayevuja. Hakuwa na dawa ya kifafa cha mimba wala chumba cha upasuaji. Wanawake walikufa. Mwaka wa 1987 mkutano wa kimataifa ulifanyika hapa hapa Nairobi na ukazindua kampeni ya uzazi salama duniani. Tarehe 1 Juni 2013 serikali ikatangaza kujifungua bure katika hospitali za umma. Watu wakaitika: utafiti wa kitaifa wa 2008/09 ulionyesha asilimia 43 ya watoto wanazaliwa hospitalini, 2014 ikawa 61, 2022 ikafika 82. Na bado sensa ya 2019 ilihesabu vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Kwa hivyo ukisikia mtu mtandaoni anakuambia "zaa nyumbani kama mababu zetu", mpite tu.

Kuingia hospitali ilikuwa sawa. Shida ni kwamba tulipoingia, tuliacha mtu nje.

Hata wakunga wenyewe, sehemu nyingi za nchi walibadilishiwa kazi: wasizalishe tena, wamsindikize mama hospitali. Kumsindikiza mpaka wapi? Mpaka mlangoni.

Shosho anaujua huo mlango. Usiku niliozaliwa mimi, alimleta mathe kwa matatu, akambebea kikapu, akafika leba, akaambiwa, "Mama, wewe ngoja hapo." Akakaa kwenye benchi mpaka asubuhi. Mathe anasema kitu anachokumbuka kuliko uchungu ni kuita jina la mamake na kujua anasikika lakini hawezi kuja. Mwanamke aliyekuwa amesaidia majirani wangapi sijui, akashindwa kumfikia mtoto wake mwenyewe kwa sababu ya mlango wa mbao.

Na mama akiwa peke yake, hakuna shahidi. Mradi mmoja wa utafiti uliopewa jina Heshima uliuliza wanawake 641 waliojifungulia katika hospitali na vituo 13 vya Kenya. Mmoja kati ya watano alisema alidhalilishwa kwa namna fulani.

Guatemala wanagundua alichojua Shosho

Hapa ndipo stori inachekesha. Mwaka wa 1980, madaktari wakiwemo Marshall Klaus na John Kennell walichapisha utafiti kutoka hospitali moja ya Guatemala. Akina mama wa mimba ya kwanza waligawanywa: wengine wakapitia utaratibu wa kawaida, peke yao, wengine wakapewa mwanamke wa kukaa nao. Hakuwa nesi. Hakuwa hata mtu wanayemjua. Alikaa tu, akashika, akaongea. Kwa waliojifungua bila matatizo, walioachwa peke yao walichukua wastani wa saa 19.3. Waliokuwa na mtu: saa 8.8.

Wewe soma tena hiyo.

Kazi hiyo ilikuwa tayari na jina. Mwanaanthropolojia Dana Raphael alikuwa amelitumia neno "doula" kwenye kitabu chake cha 1973 kuhusu kunyonyesha. Ni neno la Kigiriki la zamani, maana yake mjakazi, hata mtumwa wa kike. Mwaka wa 1992 chama cha madula kikaanzishwa Marekani, mafunzo yakaja, vyeti vikaja, bei ikaja. Mwaka wa 2017 wataalamu walijumlisha tafiti 26 za zaidi ya wanawake 15,000 katika nchi 17: anayekuwa na mtu wa kumshikilia mfululizo ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida na nafasi ndogo zaidi ya kufanyiwa upasuaji. 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe.

Kwa hivyo Shosho aliachwa kwenye benchi, kazi yake ikazunguka dunia, ikapewa cheti, na sasa inarudi Nairobi na bei ya juu.

Na kamera?

Hapa ni mahali pangu, kwa hivyo niruhusu niwe mkali.

Agosti 2013, miezi miwili tu baada ya leba kuwa bure, mama mmoja alijifungua sakafuni kwenye korido ya hospitali ya umma Bungoma, akatukanwa na kupigwa na manesi. Mtu alirekodi video bila yeye kujua, na nchi nzima ikaiona. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ilisema haki zake zilikiukwa, na akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5.

Kuna mambo mawili hapo, na yote ni ya kweli. Bila ile video, huenda angekuwa stori nyingine isiyoaminiwa. Na pia hakuna aliyemuuliza kama anataka nchi imwone vile.

Ndio maana naamini picha ya uzazi ni ya mama, period. Sio ya mpiga picha, sio ya baba, na sio ya kurasa zetu za mtandaoni. Makubaliano yafanyike kabla ya uchungu kuanza, maana mtu aliye katika maumivu hawezi kujadiliana. Akisema "zima", unazima. Nesi naye aulizwe. Na wodi zetu za umma zina vitanda vilivyobanana; huyo mama wa kitanda cha pili hakukuajiri.

Kingine: mkono ulioshika kamera hauwezi kushika mkono wa mama. Anayekuuzia vyote viwili muulize, mambo yakiwa magumu, ataweka nini chini? Kama hana jibu, tafuta mwingine.

Basi tufanye nini?

Sina noma na madula. Kazi yao ni ngumu, inakesha, na wanastahili kulipwa. Noma yangu ni sisi kukubali kwamba kutokuwa peke yako ni bidhaa ya wenye pesa. Guatemala hawakuhitaji cheti. Walihitaji kiti kando ya kitanda. Ukiuliza kwa nini kiti hakipo, utaambiwa faragha: wodi ni wazi, wanaume hawawezi kuingia. Sawa. Pazia ni bei gani?

Binamu yangu aliuliza kliniki kama anaweza kuingia na mtu. Akaambiwa inategemea zamu. Kwa hivyo wiki ijayo tunarudi, tuongee na msimamizi wa leba mapema, sio saa nane usiku tukiwa tumepanik. Mtu aliyemchagua sio dula wa posti, wala sio mimi na kamera yangu. Amemchagua Shosho. Mimi nitakaa kwenye benchi, na nitapiga picha moja tu, wakitoka, kama atasema ndio.

Leo jioni muulize mathe wako: siku ile nikizaliwa, nani alikushika mkono? Kama atanyamaza kidogo kabla ya kujibu, usimharakishe.