Jeshi la Bei Rahisi na Ardhi ya Kibra

Ukitoka hapa kwetu Kawangware ukavuka Ngong Road hadi Kibra, utakuta jamii ya Wanubi, Waislamu wenzetu waliokaa pale tangu zamani. Je, umewahi kujiuliza walifikaje? Jibu limo katika hesabu za pesa za Waingereza.

Asili ya Wanubi ni askari waliotoka Sudan. Mwaka 1902 Waingereza waliunganisha vikosi vyao vya Afrika Mashariki vikawa King's African Rifles, yaani KAR. Walitaka jeshi la kulinda koloni kwa gharama ndogo. Askari Mwafrika alilipwa kidogo sana kuliko Mzungu, na tangu 1904 waliomaliza utumishi waliruhusiwa kukaa Kibra. Walipewa mahali pa kulima badala ya pensheni.

Hata hivyo, serikali iliona gharama bado ni kubwa. Mwaka 1911 batalioni ya pili ya KAR ikavunjwa ili kupunguza matumizi. Vita vilipozuka 1914, KAR ilikuwa na askari kama 2,300 tu. Wajerumani walikuwa ng'ambo ya mpaka, na reli ya Mombasa, iliyokula zaidi ya pauni milioni 5, wakaanza kuishambulia.

Waingereza wakaleta wanajeshi wa India na Afrika Kusini, lakini malaria ikawaangusha wengi. Ndipo wakarudi kwa Mwafrika. Kuanzia 1916 KAR ilipanuliwa haraka, na kufikia 1918 ilikuwa na askari zaidi ya 30,000. Si eti walimpenda ghafla! Alistahimili maradhi ya huku, na mshahara wake ulikuwa mdogo. Wapagazi nao walikamatwa kwa nguvu, wakafa makumi ya maelfu. Jina la Kariokor pale mjini limetokana na kikosi chao, Carrier Corps.

Na Kibra je? Mwaka 1912 ilikuwa na ekari zaidi ya 4,000, lakini Wanubi hawakupewa hati. Serikali iliwahesabu kama wapangaji wake. Ni mwaka 2017 ndipo jamii ilikabidhiwa hati ya ekari 288.

Basi kijana mwenzangu, ukisikia serikali yoyote inaongeza jeshi na silaha, usiulize tu adui ni nani. Uliza pia gharama anabebeshwa nani. Wazee wa Kibra wanalijua jibu.